Umeme Umerudi, King'amuzi Hakiwaki

*Mwongozo wa kuitafuta spea iliyoungua kwenye bodi na kuibadilisha mwenyewe*

Hapa Manundu, Korogwe, umeme ukirudi usiku watoto hushangilia mtaa mzima. Asubuhi yake ndipo sisi mafundi tunapopata wateja. Huyu kabeba king'amuzi kwenye kiroba, yule sabufa begani, mwingine kashika adapta tu, waya unaning'inia. Maneno ni yaleyale: "Kilikuwa kizima kabisa. Umeme ulivyorudi tu, basi."

Wengi wao kazi hiyo wangeimaliza nyumbani, wakiwa na mita, chuma cha kulehemu na subira. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini mwishoni mwa 2012, king'amuzi kimekuwa kitu cha kila nyumba yenye televisheni, kwa hiyo nitakitumia kama mfano. Yale yale yanafaa kwa adapta, redio, sabufa na bodi ya pawa ya televisheni bapa.

USIFUNGUE HIVI
- Maikrowevu. Kapasita yake inashika volti zinazozidi 2,000. Inaua hata ikiwa imechomolewa.
- Televisheni ya chogo, kama hujafundishwa ana kwa ana.
- Inveta kubwa ya sola ikiwa bado imeunganishwa na betri.
- Kitu chochote wakati kuna radi, au ukiwa umesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji.

Umeme unaiuaje bodi

Watu husema "umeme mkubwa umeingia". Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi sivyo, na hapa ndipo fundi asiyejua chanzo anapobadilisha spea tatu nzima na kuiacha mbovu mahali pake.

Chukua huyo mteja wa asubuhi. King'amuzi chake hakijawahi kuchomolewa kwa miaka miwili. Ndani ya sehemu ya pawa kuna kapasita ndogo, labda ya maikrofaradi 22 na volti 50, ambayo kazi yake ni kuiamsha aisi inayoendesha pawa yote. Kapasita hiyo imekuwa ikikauka taratibu. Maadamu mashine iko kwenye umeme na ina joto lake, inaendelea tu. Siku umeme unapokatika, bodi inapoa, na unaporudi kapasita haina tena nguvu ya kuiamsha aisi. Umeme haukuua chochote. Ulizima tu kitu ambacho hakikuwa na uwezo wa kuwaka upya. Dalili yake: fyuzi nzima, hakuna kilichopasuka, hakuna harufu, na hakuna taa. Nimeona king'amuzi cha namna hii kikiwaka baada ya kupulizwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele. Kama chako kinafanya hivyo, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Kwa nini kapasita inakauka? Ndani yake kuna majimaji, na joto linayakausha. Kwenye ganda utasoma nyuzi 85 au 105. Kapasita ya kawaida ya nyuzi 105 inatengenezwa kudumu saa 2,000 ikiwa kwenye joto hilo, na kila ukipunguza nyuzi 10 maisha yake yanakuwa kama mara mbili. Kwenye nyuzi 85 ni saa 8,000, ambazo kwa king'amuzi kisichochomolewa ni chini ya mwaka. Kwenye nyuzi 65 ni saa 32,000, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu. Sasa tazama sebuleni kwako: juu ya king'amuzi kuna kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki. Matundu ya hewa yamezibwa, na Korogwe yenyewe haina baridi. Shemeji aliyekifuma kitambaa hicho usimwambie kuwa nimesema mimi.

Njia nyingine ni umeme mdogo. Nyumba zilizo mwisho wa laini, mashine za kusaga zikianza jioni, hubaki na volti 170 au pungufu. Pawa za kisasa hazizimiki. Huvuta ampea nyingi zaidi ili kufikisha kazi ileile, na joto linapanda kwenye transista na dayodi. Huku kwetu wapo wanaoamini kwamba kukaa karibu na Hale kunatupa umeme bora. Mitambo ya Hale ilianza 1964, megawati 21, na iko humuhumu wilayani, lakini umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa kama mwingine wote. Waya wa mtaani kwako ndio unaoamua.

Umeme mkubwa wa kweli huja zaidi kwa nyutro kukatika. Laini ya njia tatu ina volti 400 kati ya waya wa moto na mwenzake, na 230 kati ya waya wa moto na nyutro. Nyutro ikikatika kwa tawi, upepo au bolti iliyolegea, nyumba yako inaweza kupata chochote kati ya hapo. Kapasita kubwa ya kwenye pawa imeandikwa volti 400, na kwa kawaida inabeba kama 325, kwa sababu umeme wa 230 ukigeuzwa kuwa wa mkondo mmoja unafika kilele hicho. Ipe umeme wa 400 uone: kilele kinakwenda 565, na inapasuka kama fataki. Kwa hiyo, kabla ya kufungua bodi, uliza majirani. Kama nyumba tatu zimeunguza vitu dakika ileile, zima swichi kuu, toa taarifa TANESCO, na usirudishe mashine yoyote uliyotengeneza mpaka laini ipimwe.

Radi, katika masika na vuli, haipiti kwenye soketi tu. Inapita pia kwenye waya wa dishi. Ukiona sehemu ya pawa ni nzima lakini palipochomekwa waya wa dishi pameungua, bodi hiyo haina faida kuihangaikia.

Halafu kuna mijusi. Mjusi anapenda joto. Anaingia kwenye tundu la hewa, anagusa miguu miwili ya spea, na wanakufa wote wawili, yeye na adapta.

Vifaa

Huhitaji karakana. Unahitaji:

- Mita ya dijitali yenye kipimo cha dayodi na mlio. Ikiwa na kipimo cha maikrofaradi ni bora zaidi.
- Chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60, chenye ncha nyembamba. Wapo mafundi wa vijijini Handeni wanaopasha chuma kwenye jiko la mkaa, nawaheshimu, lakini kwa bodi za leo zenye njia nyembamba za shaba joto lisilopimika linazibandua.
- Risasi ya waya yenye dawa ndani yake. Ya 60 kwa 40 ndiyo rahisi kwa mwanafunzi. Dawa ya mafundi bomba au ya mabati usiiguse; ina asidi na itaila shaba.
- Pampu ya kunyonyea risasi.
- Balbu ya waya ya wati 60 au 100, ile ya zamani inayotoa joto, pamoja na holda yake. Ya LED haifai. Kama unayo moja kabatini, itunze, zinaadimika madukani.
- Rezista ya kilo-omu 4.7, wati 5, iliyolehemewa waya mbili zenye mpira.
- Bisibisi, kikata waya, mswaki wa zamani, spiriti, simu yenye kamera.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kufungua

Jiulize mwenyewe kama fundi anavyomuuliza mteja. Kilizima chenyewe au umeme ulikatika? Kulikuwa na mlipuko? Harufu? Kabla ya kufa kilikuwa kinazima na kuwaka, taa inapepesa, sauti ya sabufa inavuma? Kuvuma na kupepesa ni lugha ya kapasita. Kimya cha ghafla chenye mlipuko ni lugha ya kitu kilichopiga shoti.

King'amuzi chenye adapta ya nje kipime hapo kwanza. Weka mita kwenye volti 20 za mkondo mmoja, gusa ncha ya adapta. Kama imeandikwa 12 na unasoma 0, ugonjwa uko ndani ya adapta. Kama unasoma 12, usishangilie: chomeka kwenye king'amuzi na upime tena ikiwa inabeba mzigo. Ikishuka hadi 7 au inapanda na kushuka, adapta ndiyo mbovu. Wengi hununua king'amuzi kipya kwa sababu ya adapta.

Hatua ya 2: Chomoa, kisha toa umeme uliobaki

Kuzima swichi hakutoshi. Kuna nyumba nyingi ambazo aliyefunga waya aligeuza, na swichi inakata nyutro huku waya wa moto umebaki. Chomoa plagi, iweke mahali unapoiona, kisha fungua kifuniko.

Kapasita kubwa iliyo karibu na mahali umeme unapoingia inaweza kubaki na volti 300 hata baada ya kuchomoa, hasa bodi ikiwa mbovu, kwa sababu hakuna kinachozila.

1. Shika bodi kwa kingo, mkono mmoja.
2. Gusisha waya mbili za ile rezista ya wati 5 kwenye miguu miwili ya kapasita kubwa, hesabu hadi kumi.
3. Pima kwa mita, volti 1,000 za mkondo mmoja kwanza, kisha shusha kipimo. Chini ya volti 5 unaweza kuendelea.

Usitumie bisibisi kupigisha shoti miguu hiyo. Najua umeona fundi akifanya. Cheche ile inabandua njia ya shaba, na siku moja itakurushia chuma kilichoyeyuka machoni.

Hatua ya 3: Piga picha, kisha tazama

Piga picha juu na chini ya bodi, mwanga wa kutosha, maandishi yasomeke. Utazihitaji unaporudisha na unapoagiza.

Kisha tazama bila kupima chochote. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyokufa imevimba kama mkate, au imeinuka kutoka kwenye bodi na kuacha uchafu wa kahawia chini yake. Kisahani kidogo cha bluu au cha njano karibu na fyuzi, kilichoandikwa kama 10D471, ndicho kinga ya umeme mkubwa; kikipasuka, ujue volti zilizidi kweli. Rezista iliyoungua rangi zake zimegeuka makaa. Geuza bodi: kuzunguka miguu ya transfoma na soketi, tafuta duara jembamba jeusi ndani ya risasi. Huo ni ufa. Kuyeyusha risasi mpya hapo kumeokoa sabufa nyingi bila kununua chochote.

Fyuzi ya kioo inazungumza kuliko zote. Kama uzi umekatika tu na kioo ni cheupe, ilichoka au ilizidiwa kidogo. Kama kioo kimekuwa cheusi au kina mng'ao wa fedha ndani, uzi ulipasuka kwa kishindo: kuna shoti mbele yake, na fyuzi mpya itakufa sekunde ileile.

KOSA LINALOUNGUZA NYUMBA
Kufunga fyuzi kwa waya, au kwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi haikuharibika, ilifanya kazi yake. Ukiiziba mdomo, kinachofuata kuungua ni bodi, kisha meza.

Hatua ya 4: Pima, ukianzia umeme unapoingia

Bodi ya pawa ina pande mbili zilizotenganishwa na transfoma: upande wa umeme mkubwa na upande wa umeme mdogo. Kwenye bodi nyingi utaona mstari uliochorwa au ufa uliokatwa kati yao. Anza upande mkubwa.

Kabla ya yote, tazama waya za mita zimechomekwa wapi. Waya mwekundu ukibaki kwenye tundu la ampea 10 na wewe ukapima volti za soketi, umepigisha shoti nyumba kwa mikono yako.

1. Fyuzi. Kipimo cha mlio. Ikilia ni nzima.
2. Kinga ya bluu au njano. Isilie. Ikilia, imepiga shoti. Ukiitoa, mashine inaweza kufanya kazi bila yake, lakini haina kinga, irudishie nyingine.
3. Dayodi nne za kuingilia. Mara nyingi ni 1N4007. Kipimo cha dayodi: upande mmoja isome kati ya 0.5 na 0.7, ukigeuza isisome. Ikisoma 0 pande zote, imekufa. Namba ikipanda taratibu, ni kapasita inajaa, subiri itulie.
4. Transista ya pawa, yenye miguu mitatu, imebanwa kwenye bati la kupozea. Miguu yoyote miwili isilie. Ikilia, imepiga shoti.
5. Rezista ndogo karibu na transista hiyo, yenye omu chini ya 2. Mara nyingi imekatika pamoja nayo.
6. Dayodi ya upande mdogo, mara nyingi nene na nyeusi. Hizi za kasi husoma chini, 0.15 hadi 0.4. Ndiyo tabia yake, usizitupe.
7. Kapasita za upande mdogo, kama 1,000 kwa volti 16.

Kipimo kikikushangaza, inua mguu mmoja wa spea kutoka kwenye bodi upime tena. Ikiwa ndani ya bodi, mita inapima na jirani zake wote. Kwa kapasita kuna mtego mwingine: mita ya kawaida inaweza kusema maikrofaradi ziko sawa, kumbe imekauka kiasi kwamba inazuia mkondo. Kile kipimo kidogo cha kutambua spea, chenye kioo na soketi ya kubania miguu, kinaonyesha pia ukinzani wake wa ndani. Kapasita ya 1,000 kwa 16 inayosoma omu 2 ni takataka hata kama maikrofaradi zimetimia. Kama huna kipimo hicho, badilisha kapasita zote ndogo za sehemu ya pawa kwa pamoja. Ni nafuu kuliko kubahatisha.

Hatua ya 5: Nani aliua?

Mwaka wangu wa kwanza kazini mama mmoja wa Kilole aliniletea televisheni. Transista ya pawa ilikuwa imepiga shoti. Nikaiweka mpya, nikachomeka: paa! Nikaweka ya pili: paa! Ya tatu niliinunua kwa hela yangu. Yule mama akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hicho kidude unakitengeneza au unakilisha?"

Kilichokuwa kinaua ni ile rezista ya omu chini ya moja, iliyokatika, pamoja na aisi iliyokuwa imeungua nyuma yake na kuiamuru transista ifunguke bila kufunga. Mimi nilikuwa nabadilisha maiti. Tangu hapo sinunui spea mpaka niwe nimejibu: hii ilikufa kwa sababu ya nani? Orodha hii ya haraka inasaidia:

- *Fyuzi nyeusi peke yake:* pima dayodi nne, kinga na transista. Mmoja wao amepiga shoti.
- *Fyuzi na kinga:* volti zilizidi. Pima pia kapasita kubwa, na uchunguze laini.
- *Transista na fyuzi:* badilisha na rezista yake ndogo, na ukague aisi.
- *Kapasita za upande mdogo zimevimba:* joto. Kagua matundu ya hewa.
- *Fyuzi nzima, hakuna kilichoungua, haiwaki:* kapasita ndogo ya kuamsha aisi, au rezista kubwa ya omu nyingi inayoipa aisi umeme wa kwanza.

Hatua ya 6: Kupata spea

Korogwe utapata za kawaida kwa mafundi redio. Zisizopatikana, Tanga mjini au Kariakoo. Unatuma picha ya spea pande zote mbili, unalipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Muuzaji umwandikie namba yote ilivyo, na herufi za mwisho. Kwenye aisi herufi moja ni aisi nyingine.

MBADALA UNAOKUBALIKA
- *Kapasita:* maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, kamwe si pungufu, nyuzi 105. Pima pia urefu, kifuniko kifunge.
- *Rezista:* omu zilezile, wati zilezile au zaidi.
- *Dayodi:* volti na ampea zilezile au zaidi, na aina ileile. Kuweka 1N4007 upande mdogo mahali pa dayodi ya kasi ni kosa la kila siku. Ni ya polepole, itachemka na kufa.
- *Fyuzi:* ampea zilezile, volti 250, na herufi ileile. T ni ya polepole, F ni ya haraka.
- *Kapasita yenye alama X2, au kisahani cha bluu chenye Y1 kinachovuka transfoma:* lazima iwe na alama hiyohiyo. Hicho cha Y1 kikipiga shoti, umeme wa soketi unafika kwenye chuma cha king'amuzi unachokishika.

Bodi mbovu zisitupwe. Toa dayodi, rezista, soketi na bati za kupozea. Kapasita za zamani ziache. Umri wake umekwisha pamoja na bodi yake. Ukinunua kapasita mpya iliyo nyepesi mno kwa ukubwa wake, ipime dukani. Zipo zilizovalishwa ganda jipya.

Hatua ya 7: Kutoa na kuweka

1. Weka alama upande wa hasi. Kwenye kapasita, mstari wenye alama ya kutoa ndio hasi. Kwenye dayodi, tazama pete ilipo. Maandishi ya bodi yaamini, lakini picha yako iamini zaidi.
2. Yeyusha risasi mpya kidogo juu ya ile ya zamani. Bodi nyingi za siku hizi zina risasi isiyo na madini ya risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi, ilhali ya 63 kwa 37 inayeyuka kwenye 183. Zikichanganyika, kazi inakuwa laini.
3. Nyonya kwa pampu. Ikigoma, pasha mguu mmoja ukivuta taratibu, kisha wa pili, hatua kwa hatua. Usivute kwa nguvu, shaba itabanduka.
4. Safisha tundu kwa spiriti na mswaki.
5. Ingiza spea mpya, angalia hasi, kunja miguu kidogo nyuma ili isianguke.
6. Gusisha chuma kwenye mguu na shaba kwa pamoja, sekunde mbili. Peleka risasi kwenye kiungo, si kwenye ncha ya chuma. Ondoa risasi kwanza, chuma baadaye. Usipulize.
7. Kata mguu uliozidi.

Kiungo kizuri kinafanana na kichuguu kidogo: kinang'aa, kimetanuka chini na kuchongoka kuufuata mguu. Kikiwa duara kama gololi, risasi haikushika shaba, rudia. Njia ya shaba ikibanduka, ziba pengo kwa waya mwembamba kutoka mguu hadi kiungo kinachofuata.

Moshi ule ni wa dawa iliyo ndani ya waya. Kaa penye hewa. Madini ya risasi yanaingia mwilini kwa mikono na mdomo, kwa hiyo usile kitumbua ukiwa kazini, na nawa kwa sabuni. Watoto wasicheze na vipande vilivyoanguka.

Hatua ya 8: Washa kupitia balbu

Hapa ndipo ile balbu ya waya inapolipa. Iunganishe kwenye waya wa moto, umeme upite ndani yake kabla ya kufika kwenye bodi. Maungio yote yafungwe kwa utepe kabla ya kuchomeka, bodi iwe juu ya ubao mkavu, na uso wako uwe mbali.

- Balbu inamulika kidogo, kisha inafifia au kuzima: hakuna shoti. Pima volti za upande mdogo.
- Balbu inawaka kwa nguvu na kubaki: bado kuna shoti. Chomoa, rudi Hatua ya 4. Hujapoteza spea hata moja.
- Balbu inawaka na kufifia kwa mapigo: pawa inajaribu kuanza na kushindwa. Tafuta dayodi ya upande mdogo iliyopiga shoti, au kapasita uliyogeuza.

Volti zikitimia, toa balbu, funga kifuniko, iache ifanye kazi saa nzima ukiwa karibu. Kisha chomoa, subiri, na uguse ganda. Vuguvugu ni sawa.

Kabla ya kuirudisha sebuleni
- [ ] Fyuzi ni ya ampea zilezile, si waya
- [ ] Hasi na pete zimefuata picha
- [ ] Hakuna tone la risasi lililobaki kati ya miguu
- [ ] Skrubu zote zimerudi. Ikibaki moja, fungua tena
- [ ] Matundu ya hewa yako wazi, kitambaa kimehamia kwenye meza
- [ ] Kuna gadi ya televisheni inayochelewesha umeme unaporudi
- [ ] Familia inajua kuchomoa plagi na waya wa dishi radi zikianza

Ugonjwa ukiwa kwenye aisi kubwa ya king'amuzi yenyewe, ile yenye vidole visivyohesabika au isiyoonyesha miguu kabisa, simama hapo. Chuma cha wati 60 hakiwezi kazi hiyo, na gharama yake inakaribia king'amuzi kipya.

Mwisho, chukua kalamu ya wino mzito, andika tarehe na spea uliyobadilisha upande wa ndani wa kifuniko, ili atakayefungua tena, awe wewe au mwingine, ajue pa kuanzia. Sabufa ya nyumbani kwangu ina tarehe tatu. Mbili ni za kapasita, ya tatu imeandikwa "mjusi".